Jua la Utosini

Yapo maneno ya kigeni ambayo mfasiri huyapita kama mtu apitavyo nyumba za mtaa aliouzoea, hana haja ya kubisha hodi. Na yapo mengine ambayo huyapita vivyo hivyo, akidhani anayajua, hata miaka ikapita, ndipo akaitwa nyuma na kuulizwa: mbona hukutusalimia? Neno moja la namna hiyo, la Kiingereza, limeniita mimi. Neno lenyewe ni zenith.

Nilikutana nalo katika shairi nililolifasiri miaka kadhaa iliyopita. Shairi hilo sitalitaja, kwa kuwa kosa ninalotaka kulisimulia ni langu, si la aliyelitunga. Lilimhusu mwanamke mzee, aliyewahi kuwa na haiba na sifa, ambaye sasa hukaa dirishani akitazama njia. Mtunzi anasema zenith yake imekwishapita. Nikafungua kamusi. Kamusi ikanipa kilele. Ikanipa na upeo. Nikachagua kilele kwa sababu ya kina tu: ubeti ulikuwa ukiishia kwa le, nami nikashukuru kupewa bure nilichokuwa nikikitafuta.

Lazima niseme kwamba Kiingereza sikufundishwa na mtu. Nilikifukuzia mwenyewe, usiku, kwa taa ya chemni, na kamusi iliyokosa jalada pamoja na kurasa zake za mwanzo, hata nikawa nayajua maneno ya B kabla ya yale ya A. Mtu aliyesoma kwa njia hiyo huiamini kamusi kama mtoto wa chuoni anavyomwamini mwalimu wake. Ikisema kilele, ni kilele.

Jioni moja, baada ya sala ya Isha, nililisoma shairi lile barazani. Miongoni mwa waliokuwapo alikuwapo ami yangu, mdogo wake baba, ambaye kwa miaka mingi ndiye aliyekuwa akiangalia nyakati za sala katika msikiti wa mtaani petu. Alisikiliza hadi mwisho, akanyamaza kidogo, kisha akauliza:

"Mwanangu, huyo bibi alipanda wapi?"

"Hakupanda popote, Ami. Ni lugha ya kishairi tu. Maana yake alifika juu, kisha akashuka."

"Na neno la Kizungu linasemaje?"

Nikalitaja. Nikaongeza, kwa kujivuna kidogo, kwamba wanafalaki hulitumia kwa pale mahali palipo juu kabisa ya kichwa cha mtu, na jua likifika hapo huwa limefika zenith. Ami akatikisa kichwa.

"Basi hicho si kilele. Kilele hupandwa. Jua nani amelipandia? Hilo ni jua la utosini, na utosi kila mtu ana wake."

Watu walicheka, mazungumzo yakahamia kwenye mambo mengine, nami nikabaki na neno langu mkononi kama mnunuzi aliyerudishiwa sarafu mbovu.

Ami alikuwa na haki ya kusema. Kabla ya ratiba zilizochapishwa hazijaenea, na hata baada ya kuenea, yeye aliwahesabia watu Adhuhuri na Alasiri kwa ufito mmoja wa mkoko, aliousimamisha kwa timazi juu ya kipande cha sakafu nyuma ya msikiti. Kazi yangu, nilipokuwa mtoto, ilikuwa kuweka vijiwe kwenye ncha ya kivuli. Kivuli kikifupika, bado. Kikisimama, ngoja. Kikianza kurefuka, japo kwa unene wa ukucha, jua limepinduka na Adhuhuri imeingia.

Unguja iko kiasi cha nyuzi 6 kusini mwa Ikweta, na ufito ule uliijua habari hiyo kuliko mimi. Mwezi wa Juni, jua likiwa limekwenda kaskazini, kivuli cha saa sita huelekea kusini na huzidi nusu ya urefu wa ufito. Mwezi wa Disemba huelekea kaskazini, wala hakifikii theluthi. Baina ya safari hizo mbili ziko siku mbili katika mwaka, kiasi cha tarehe 5 Machi na tarehe 9 Oktoba, ambapo jua hupita juu ya vichwa vyetu sawasawa na ufito hukosa kivuli. Siku ile ya Machi jambo hilo hutokea yapata saa sita na dakika thelathini na tano. Siku ya Oktoba, yapata saa sita na dakika kumi.

Siku mbili hizo Ami alizipenda. Kwake zilikuwa na faida ya kazi, kwa sababu anayepima Alasiri hukijumlisha kivuli cha saa sita na urefu wa kile kinachopimwa, na siku hizo hakuna cha kujumlisha. Lakini naamini alizipenda pia kwa jambo jingine. Alikuwa akiniita, akinisimamisha kando ya ufito, na kuniambia nitazame chini.

"Kivuli changu kimekwenda wapi, Ami?"

"Hakikwenda. Umekikanyaga."

Baada ya maneno yale ya barazani nikaanza kulitafuta asili neno zenith, na utafutaji huo ukanichukua muda mrefu, kwa kuwa vitabu nilivipata kimoja kimoja. Nilichokikuta kilinifedhehesha na kunifurahisha kwa pamoja. Neno si la Kiingereza, wala si la Kilatini. Ni la Kiarabu: samt ar-ra's, njia ya kichwa, yaani mwelekeo wa kichwani. Wanafalaki wa Kiislamu waliita hivyo ile nukta ya mbinguni iliyo sawa na utosi wa mtu aliyesimama. Katika karne ya 12 vitabu vyao vilifasiriwa kwa Kilatini katika nchi ya Hispania. Toledo ulikuwa mji mkuu wa kazi hiyo. Huko ndiko Gerard wa Cremona, aliyefariki mwaka 1187, alikoifasiri Almajisti ya Ptolemy kutoka Kiarabu. Katika msafara huo wa vitabu, samt nayo ikavuka.

Lakini haikuvuka salama. Wataalamu wengi wanakubaliana kwamba ni kalamu ya mnakili iliyoivunja. Katika mwandiko wa Kilatini wa zama zile, herufi m ilikuwa mistari mitatu mifupi iliyosimama. Herufi n ilikuwa miwili, na i mmoja, tena bila nukta juu yake. Basi m moja, ikitazamwa na jicho lililochoka, ni sawa na ni. Kilichokuwa samt, kikiandikwa kwa herufi zao, kikasomwa cenit. Kutoka hapo Wafaransa wakaichukua, kisha Waingereza. Na lile neno la pili, ra's, likaachwa njiani. Neno likafika Uingereza likiwa na njia, lakini halina kichwa.

Nilipoisoma habari hiyo nilimkumbuka Ami. Yeye hakujua Kiingereza wala Kilatini, na alipolisikia neno lile mara moja tu alilirudishia kichwa chake.

Ndugu zake neno hili nao walisafiri. Wingi wa samt ni sumut, na kutokana na as-sumut Waingereza wakapata azimuth, upande wa upeo wa macho ambako jua au nyota iko. Ile nukta ya chini ya nyayo zetu, inayokabiliana na utosi, waliiita nadir, kutokana na nadhir, kilicho mkabala. Mzizi huo huo ndio uliotupa sisi mandhari na nadhari. Na kile kichwa kilichoachwa Hispania, sisi tulikuwa nacho zamani, kimetufikia kwa majahazi: rasi, kichwa cha nchi kiingiacho baharini, kama vile Ras Nungwi, na rasilimali, kichwa cha mali. Wao walichukua njia wakaacha kichwa; sisi tulikichukua kichwa. Mfasiri wa pwani anapokutana na zenith katika kitabu cha Kiingereza hakutani na mgeni. Anakutana na jamaa aliyekulia ughaibuni, amebadili jina, na salamu za nyumbani amezisahau.

Mwaka 1391 Geoffrey Chaucer, mshairi wa Waingereza, aliandika risala juu ya astrolabu, chombo cha kupimia mwinuko wa jua na nyota. Alimwandikia mtoto wake Lewis, mwenye umri wa miaka 10, na aliiandika kwa Kiingereza kwa sababu Kilatini cha mtoto huyo kilikuwa bado kidogo. Humo anamweleza kwamba zenith ni nukta iliyo juu ya kichwa chake, na sehemu ya kichwa aliyoitaja ndiyo hasa ile tuiitayo utosi. Nilipofika hapo nilikifunga kitabu kwa muda. Mshairi mkubwa wa lugha nyingine alikuwa akimweleza mtoto wa miaka 10, kwa maneno mepesi, jambo lile lile ambalo Ami alinieleza mimi katika umri kama huo, nyuma ya msikiti, kwa ufito.

Tofauti ni moja. Lewis angeishi London umri wake wote, asingeliona jua utosini mwake hata siku moja. Huko jua hubaki limeinama upande wa kusini, hata mwezi wa Juni linapokuwa juu kuliko siku nyingine zote. Toledo pia halifiki utosini, wala Baghdad. Kwa watu wa miji hiyo zenith ilikuwa hesabu: nukta tupu mbinguni, ambayo mtu huijua bila ya kuiona jua ndani yake. Makka hufika, kiasi cha tarehe 28 Mei na tarehe 16 Julai, na wanaoijua saa yake huitumia kuhakikisha kibla, kwani wakati huo jua liko juu ya Kaaba yenyewe na kivuli cha kila kilichosimama huipa mgongo. Nasi hapa hufika mara mbili kwa mwaka. Neno ambalo Waingereza walilipata kwa vitabu, sisi tunalipata kwa ngozi ya kichwa.

Pengine ndiyo sababu kwao lilikuwa jepesi kugeuka sifa. Kufikia miaka ya 1600 lilikuwa limekwishaanza kutumika kwa bahati na utukufu wa mtu. Prospero analitumia hivyo katika tamthilia ya Shakespeare ambayo Samuel Mushi aliifasiri kwa jina la Tufani, ikatoka mwaka 1969. Lakini hata Prospero hasemi kwamba amepanda mahali. Asemacho ni kwamba zenith yake inategemea nyota, na kwamba asipoiwahi bahati yake itafifia. Huyo bado alikuwa anakumbuka mbingu.

Neno jingine la Kiingereza kwa mambo yaliyofika juu, climax, lina kisa kinachofanana. Kwa Kigiriki ni ngazi. Walimu wa balagha walilitumia kwa maneno yanayopandana, moja juu ya jingine, kila neno likiwa kidato cha neno lifuatalo. Hatimaye, kufikia mwisho wa karne ya 18, watu walikuwa wamekwishaanza kukiita kidato cha juu kabisa kwa jina la ngazi nzima. Lilikuwa kosa, na kosa hilo leo ndiyo lugha.

Hapo ndipo nilipoacha kumcheka mnakili wa Toledo, au wa popote alipokuwa. Sisi wenyewe tumeandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu kwa karne nyingi, na herufi hizo hazitofautishi o na u. Nyumbani kwetu lilikuwapo daftari la mashairi ya bibi yangu, mzaliwa wa Pemba, nami katika ujana wangu nililihamishia herufi za Kirumi. Katika ubeti mmoja bibi anasema alikaa kando ya kitu hadi machweo. Nikasoma: kando ya mtu. Mizani ilitimia, vina vilikuwa mahali pake, hakuna kilichonitahadharisha. Ubeti ule ukapendwa katika ukoo wetu, ukasomwa hata harusini. Siku moja shangazi yangu akaniomba nimsomee kwa sauti. Nilipofika hapo akaniinulia mkono.

"Mtu gani tena? Bibi yako alikuwa akifua nguo. Alikaa kando ya mto."

Nilirekebisha daftari langu. Harusini, hata hivyo, watu wameendelea kusoma mtu, na sijapata ujasiri wa kuwaambia. Tangu hapo nimekuwa na heshima kwa mnakili yule wa zamani. Lakini heshima si radhi. Kosa likiwa limekwishafanywa na wengi linakuwa neno. Likiwa bado li mkononi mwangu, ni langu na lazima nilitazame.

Nikalirudia shairi la yule mwanamke wa dirishani. Kilele, kwetu, ni cha mnazi au cha mlima. Kisiwa chetu hakina mlima. Hata Masingini haifiki mita 150. Kwa hiyo kila tunaposema kilele cha maisha tunakwea mahali ambapo wengi wetu hatujafika, au tunapanda mnazi, na aliyepanda mnazi huteremka kwa mikono yake mwenyewe. Upeo nao ni mpana zaidi kuliko mrefu: upeo wa macho uko mbali mbele yetu, si juu yetu. Kipeo walimu wa hesabu wamekwishajichukulia. Lililobaki ni utosi, neno la mwilini, la kunyolea na kupakia mafuta watoto wachanga. Hakuna aliyewahi kuupanda utosi wake. Jua ndilo humjia, likapita, bila ya yeye kuinua mguu.

Kwa kuandika utosi nilibidi niuvunje ubeti mzima, maana vina vya le vyote vilikuwa vimejengwa juu ya kilele. Ulinichukua miezi. Kila nilipopata msitari mmoja nilipoteza miwili. Nilipomaliza nilimwendea Ami nyumbani kwake. Macho yalikuwa yamemwishia, na ufito ulikuwa umekwishang'olewa sakafu ilipotiwa marumaru. Nikamsomea. Alisikiliza hadi mwisho.

"Hapo sawa," akasema. Kisha akaniuliza kama alivyokuwa akiniuliza utotoni: "Na jua likishapinduka utosini, kunaingia nini?"

"Adhuhuri, Ami."

"Na likiwa bado liko juu kabisa, twasali?"

"Hatusali. Twangoja lipinduke."

"Basi mbona umemliza huyo bibi?"

Sikuwa na jibu. Ningeweza kumwambia kwamba si mimi niliyemliza, ni mtunzi wake. Kwamba mfasiri hana ruhusa ya kumfuta mtu machozi ambayo mwenyewe shairi ameyataka. Hayo ni kweli, na ndiyo maana machozi yale nimeyaacha pale yalipo. Ila nilijua pia kwamba nilikuwa nimeyatia chumvi. Nilipolifasiri nilikuwa nimeingia miaka ya hamsini, nikihesabu vitabu ambavyo sikuviandika, na nilikuwa nikilia kwa macho ya yule mwanamke. Nikarudi nyumbani nikapunguza kile kilichokuwa changu. Ubeti wa mwisho sasa ni mkavu zaidi, na nadhani uko karibu zaidi na wa Kiingereza.

Ami ametangulia mbele ya haki. Msikitini siku hizi wakati hutazamwa katika ratiba iliyobandikwa ukutani na katika simu, na sina ugomvi na ratiba, kwani hesabu yake ni ile ile ya kivuli. Lakini tarehe 5 Machi iliyopita nilisimamisha ufito uani kwangu, nikaupima kwa timazi, nikakaa kwenye kibao. Mjukuu wangu akaja kuuliza ninangoja nini. Nikampa vijiwe.

Kivuli kilifupika kutoka magharibi, kikafika shinani, kikazama. Nikamwambia asimame kando ya ufito atazame chini. Alitazama, akainua mguu mmoja kukitafuta, kisha akainua wa pili. Alipokuwa bado anatafuta, upande wa mashariki wa ufito ukatokea mstari mweusi, mwembamba kama ukucha. Nikamwambia aweke kijiwe. Muda si muda adhana ikasikika.